Kitunga Kilichotembea hadi Walikale

Padiri anatufundisha kusamehe mara saba mara sabini. Nilipiga hiyo hesabu nyuma ya kaye yangu, daftari langu la shule: mia nne na tisini. Mwalimu wetu wa darasa la sita nimeshamsamehe mara mbili, na moja kati ya hizo mbili nilikuwa na homa. Zimebaki mia nne themanini na nane, na sina haraka nazo.

Aliniibia kitabu. Sisemi kitabu cha shule, vile tunavyosoma watoto wanne kwenye kimoja, kila mtu ameshika pembe yake. Nasema kitabu nilichoandika mimi, kwa biki yangu, katika kaye mbili, mpaka kidole changu cha kati kikaota kipembe cha sugu ambacho bado ninacho.

Nilikiandika miezi ile shule ilipofungwa kwa sababu ya fujo. Walimu walitawanyika, padiri akabaki na mbwa wake, na sisi watoto wa vilima vya Masisi tukarudishwa kwenye majembe. Njia zilipotulia kidogo, Papa alinichukua twende Mpofi, kule chini Walikale, kubadilisha maharagi na mawese. Tulitembea siku nne. Papa alibeba gunia begani kama mwanaume. Mimi, mtoto wa kiume, nilipewa kitunga cha Koko, yaani bibi yangu, mama yake Papa, kile cha kubeba mgongoni na mkanda wake unapita kwenye paji la uso. Kwetu huo ni mzigo wa wanawake. Kila tulipokutana na wamama njiani, walisimama.

"Dada, unatoka wapi?" waliniuliza. "Bwana yako anakutesa hivi?"

Papa alicheka pamoja nao. Mimi nilitazama vidole vyangu vya mguu na kujiambia kwamba si mimi ninayekibeba kitunga, kitunga njo kinanibeba, au kama wanavyosema darasani, ndicho kinachonibeba. Nilijiambia hivyo siku nne za kwenda na siku nne za kurudi. Tulipofika nyumbani nilikuwa na kitabu kizima kichwani.

Katika kitabu changu kuna msichana wa miaka tisa asiyeweza kukaa kimya. Siku moja mchana, wakubwa wote wakiwa shambani, anaingia katika kitunga cha koko wake kujificha ili asichunge mbuzi. Kitunga kinaota miguu minne ya mianzi, kinakohoa kama mzee anayeamka, halafu kinashuka kilima. Kinampeleka kwenye msitu wa Walikale kutafuta haragi moja lililopotea zamani, ambalo likipandwa asubuhi linalisha kilima kizima jioni. Lakini kwenye kila kizuizi msichana lazima atoe haragi moja kutoka mfuko wa koko wake. Anaupa ukungu, ambao si ukungu, ni maziwa waliyomwaga ng'ombe wa Kitshanga wakigombana. Analipa daraja la kamba za pori, kwa sababu daraja lenyewe linaogopa kizunguzungu na linataka kushikwa mkono. Kule chini, kwenye miti mikubwa, analipa nyani mwenye kofia ya polisi, anayesoma kitambulisho cha msichana akiwa amekishika kichwa chini miguu juu: "Karte yako inasema weye ni mufupi. Sasa juu ya nini ulirefuka? Rudia nyumbani, ufupike kwanza."

Kaye ya pili ilijaa msichana akiwa ukingoni mwa mto Lowa. Kuna mzee mwenye mtumbwi, mgongo wake una magamba. Mfuko wa msichana ni mtupu. Hapo nikaishiwa na karatasi, na shule ikafunguliwa.

Kila Jumapili baada ya misa watoto walikaa kwenye jiwe karibu na kisima, nami nikawasomea. Walinizoea mpaka wakaanza kuniletea mahindi ya kuchoma ili nisome polepole. Usinifikirie vibaya. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu watu walinyamaza nikiwa ninasema.

Sasa, Mwalimu. Hakuwa mtu wa kwetu, alitumwa kutoka mbali, upande wa Maniema. Kijana bado, hana mke, ana tai moja aliyoinunua kwenye soko la Sake na anaivaa hata akichota maji. Siku ile alikuwa anatusomea dikte, yaani imla, anatembea katikati ya madawati, na mimi nilikuwa naongeza masharubu kwenye maneno ya yule nyani. Nikacheka. Kosa langu kubwa tangu utoto ni kwamba ninacheka vitu vyangu mwenyewe.

"Weye, muchekeshaji. Leta hiyo kitu."

"Kitu gani, Bwana Mwalimu?"

"Hiyo inakuchekesha chini ya meza."

"Iko tumbo, Bwana Mwalimu. Linacheka lenyewe, halikukula asubuhi."

Darasa lote lilicheka. Fimbo haikucheka. Alichukua kaye zote mbili, akafungua katikati, akasoma mstari mmoja kwa sauti ya puani, akasema kwamba huo ni upuzi wa kishenzi na kwamba leo utamwivishia maharagi.

"Na weye, vile unaendelea, proklamasyo tutaona."

Kwa yule asiyejua, proklamasyo ni siku ya mwisho wa mwaka. Wazazi wote wanakuja kwenye kiwanja cha shule, na kila mwalimu anasoma matokeo ya darasa lake mbele yao, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho. Aliyefaulu anamwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mkate ambao haujachomwa. Aliyepata chini ya hamsini kwa mia anapigiwa kelele na anarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia migomba.

Nililia siku hiyo. Nasema hivi kwa sababu naandika ukweli, lakini jirani yangu wa dawati akikuuliza, mwambie ilikuwa pilipili. Nilifikiri kaye zimekuwa majivu.

Kila Ijumaa tunapeleka kuni kwa Mwalimu kwa zamu, na ile ilikuwa yangu. Nilifika nyumbani kwake, mlango uko wazi, yeye amekaa mezani mgongo kwangu. Kaye zangu ziko upande wa kushoto. Upande wa kulia kuna daftari kubwa lenye jalada gumu, na yeye ananakili, kwa wino wa zambarau, kwa mwandiko ule mzuri wa ubaoni. Juu kabisa kuna kichwa cha habari, na chini yake jina. Jina lake.

Niliweka kuni chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Siku ile njo nilimsamehe mara ya kwanza, ile ya homa. Nilikuwa natetemeka mwili mzima.

Jumatatu Direkta, mkuu wa shule, alitutangazia kwenye mstari kwamba mwaka huu inspekta anakuja kwenye proklamasyo, na kwamba Mwalimu wa la sita, mtu wa akili nyingi, ametunga hadithi ndefu ya watoto, ataisoma mbele ya wazazi. Kama inspekta akipendezwa, huenda akampeleka kufundisha Goma, kwenye shule yenye madirisha ya vioo. Mwalimu alitazama viatu vyake kwa unyenyekevu. Nilivitazama na mimi. Nilikuwa nimevipaka kiwi mwenyewe.

Nilimwambia Papa.

"Papa, ile hadisi ni yangu."

"Ile ya Mwalimu?"

"Ile yangu."

"Mutoto wangu." Papa aliweka jembe chini, jambo ambalo hafanyi ovyo. "Mwalimu iko na diploma. Weye uko na nini?"

"Niko na kidole. Angalia."

Akaangalia kipembe changu. Akasema nikitie mawese.

Basi nikaelewa kwamba hakuna mtu atakayeniamini, hata nikisimama kwenye kiwanja nikalia machozi ya damu. Neno la mtoto mcheshi halina uzito, kwa sababu watu wanangoja mwisho wake ili wacheke. Ilibidi Mwalimu aseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya watu wote, kwamba kitabu ni changu. Na mtu hasemi jambo kama hilo mpaka awe na jambo lingine baya zaidi la kukimbia.

Wiki ile ile Mwalimu aliniita pembeni. Sauti yake ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva.

"Ile upuzi yako ya zamani... ulikuwa na kaye ya tatu?"

"Ile uliivishia maharagi, Bwana Mwalimu?"

"Njo ile."

"Sikuandika ingine, Bwana Mwalimu. Niliogopa dhambi."

Uso wake ukaanguka. Nikafurahi mpaka magoti. Mwalimu hakuwa na mwisho! Alikuwa ameiba nyumba isiyo na paa, na hakujua hata kukata nyasi. Alijaribu, najua alijaribu. Kwenye kikapu chake cha takataka niliokota karatasi ambayo msichana wangu anafika mtoni na kukutana na malaika, na malaika anamfundisha usafi wa meno.

Hapo lazima nieleze nyumba ya Koko. Kwetu, ndani ya nyumba ya mwanamke mzee kuna ukuta wa matete. Mbele ya ukuta ni pa kila mtu: moto, vigoda, mbuzi wakati wa mvua. Nyuma ya ukuta ni pake peke yake, kitanda chake na mbegu zake. Mbegu za maharagi zinakaa kwenye kibuyu chini ya kitanda, zimechanganywa na majivu, na ni yeye anayejua ni aina ngapi na ipi inapandwa upande gani wa kilima. Hakuna mwanaume anayeingia hapo. Papa alizaliwa nyuma ya ukuta ule na hajauvuka tangu aote ndevu. Mwaka wa mvua ya mawe nyumba iliingia maji, na Papa alisimama mbele ya matete akiuliza, "Mama, nini inaelea?" Hakuingia.

Mwalimu hakujua sheria hiyo. Nani angemwambia? Kwenye mtihani wa serikali hawaulizi.

Mimi nilijua. Hata hivyo mchana mmoja, Koko akiwa shambani anapalilia, niliivuka. Sitaki kujitetea. Nilipiga magoti nikavuta kibuyu, nikahesabu aina tisa za maharagi, na kati yake kulikuwa na lile la macho mekundu, ambalo Koko aliwaapia wamama wote wa kilima kwamba lilikufa lote na ile mvua ya mawe. Miaka mingi wamama walikuwa wanalililia lile haragi kama mtu aliyezikwa. Kumbe lilikuwa hai, limelala kwenye majivu. Kando ya kibuyu kulikuwa na kiko, na kiko kilikuwa bado kina joto, ingawa aliahidi mbele ya katekista kwamba ameacha tumbako. Na ndani ya jani kavu la ndizi, limefungwa vizuri kwa uzi, meno yake mawili.

Nilirudisha kila kitu pahali pake. Halafu nikaandika kaye ya tatu kwa siku tatu. Mzee wa mtumbwi anamwambia msichana: "Huna haragi. Basi niambie, nyuma ya ukuta wa matete wa mwenye kitunga kuna nini? Ukisema vyote utapanda. Ukificha kimoja utabaki." Na msichana anasema. Nilimwandikia kila kitu, mpaka rangi ya uzi.

Ilibaki kuifikisha kwa Mwalimu siku iliyo sawa. Nilichagua siku moja kabla ya proklamasyo, kwa sababu siku hiyo alikuwa na biletini arobaini, zile karatasi za matokeo, za kujaza na asingepata nafasi ya kunakili wala ya kusoma mpaka mwisho. Alipopita karibu na dawati langu, nikacheka. Safari hii kicheko hakikuja vizuri, ikabidi jirani yangu anifinye mbavuni.

"Nini tena?" akauliza Mwalimu.

"Hakuna, Bwana Mwalimu." Nikaficha kaye namna ya kwamba ng'ombe angeiona.

Aliichukua. Hakunipiga. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaona mto, akaona mtumbwi, na macho yake yakawaka kama mtu aliyeona moshi wa kwao.

"Nitaichoma," alisema.

"Asante, Bwana Mwalimu," nilisema.

Siku ya proklamasyo kiwanja kilijaa. Inspekta alikaa kwenye kiti cha padiri, Direkta kando yake. Wamama walikaa kwenye nyasi na vitunga vyao, na Koko alikaa mbele kabisa, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa mbele yake. Sisi wa la sita tulisimama kwenye mstari, poda zetu mfukoni.

Mwalimu alivaa tai. Alifungua daftari gumu akaanza kusoma.

Nitakuambia kilichoniuma. Watu walicheka. Kitunga kilipokohoa, wazee walikohoa pamoja nacho. Ukungu ulipogeuka maziwa, mama mmoja alisema, "Eeh, njo vile!" Na nyani alipomwambia msichana arudi kwao akafupike, hata inspekta alitoa leso akafuta macho, na Papa, Papa wangu mwenyewe, akageuka kunitazama kama anayesema: unasikia vile watu wa diploma wanaandika? Nilisimama pale nikisikiliza maneno yangu yakipendwa, na mikono wanampigia mwingine. Wakati huo kama kulikuwa na huruma yoyote ndani yangu kwa ajili yake, iliishia hapo.

Daftari likaisha. Mwalimu akaweka kaye yangu ya tatu ndani ya lile jalada, akafikiri hakuna aliyeona, akaendelea.

"'Nyuma ya ukuta wa matete,' akasema msichana, 'kuna kitanda chenye mguu mmoja wa jiwe. Chini ya kitanda kuna kibuyu, na ndani ya kibuyu aina tisa za maharagi.'"

Wamama wakaacha kunong'ona. Mwalimu alifikiri ni utamu. Akapandisha sauti.

"'Moja ni lile la macho mekundu, ambalo mwenye kitunga alisema limekufa na mvua ya mawe...'"

"Eeh!" Mama mmoja alisimama. "Iko! Ile haragi iko!"

"'...na kando yake kiko chenye joto...'"

Katekista aligeuka polepole kumtazama Koko.

"'...na meno mawili katika jani la ndizi, yamefungwa kwa uzi wa bluu.'"

Koko alisimama. Yeye ni mfupi, lakini siku ile nilimwona mrefu kuliko bendera.

"Weye mwanaume," alisema. "Simamia hapo. Nani alikuingiza mu chumba yangu?"

Mwalimu alitabasamu kwa adabu. "Mama, hii ni hadisi tu. Nilifikiria mu kichwa yangu."

"Mu kichwa yako? Meno yangu iko mu kichwa yako?"

Kiwanja kililipuka. Mtu mmoja nyuma alipaza sauti: "Bwana arusi! Koko alipata bwana arusi!" Mwingine akadakia: "Leta ng'ombe kwanza, Mwalimu! Kwetu hatuingiake bila ng'ombe!" Wamama walikuwa wamesimama wote, nusu wanamzomea Mwalimu, nusu wanamwuliza Koko kuhusu haragi. Papa alikuwa anakuja mbele, na Papa akitembea vile, mikono imening'inia, si wa kuchezea.

"Mimi nilizaliwa mule, siingie," alisema Papa. "Weye ulitoka Maniema, unaingia?"

"Papa, naapa, sijafika hata kwa mulango!"

"Basi uzi wa bluu uliona wapi?"

Mwalimu alimtazama Direkta. Direkta alitazama mlima. Inspekta alikuwa anaandika kitu kwenye kitabu chake kidogo. Niliona Goma na madirisha yake ya vioo vikipita usoni mwa Mwalimu na kuondoka. Na ndipo alipofanya hesabu yake, ile niliyokuwa nimeshamfanyia: afadhali mwizi wa kaye kuliko mwanaume anayechungulia kitanda cha mjane mzee.

"Si mimi niliandika!" alilia, kidole chake kikanitafuta kwenye mstari. "Njo huyu! Huyu mutoto! Nilinyang'anya kaye yake! Zote ni zake, tatu yote!"

Watu wote wakanigeukia.

Hapo njo pahali ambapo hesabu yangu ilikuwa na tundu. Nilikuwa nimefikiri mpaka neno lile na sikufikiri hatua moja mbele. Nikisema ndiyo, kitabu ni changu, basi jicho lililopita nyuma ya matete ni langu. Nikisema hapana, Mwalimu amekwisha kabisa, atafungasha leo, lakini kitabu hakitakuwa na mtu milele. Nilimwacha angoje. Nakiri kwamba nilimwacha zaidi ya ilivyohitajika. Jasho lilishuka kwenye tai ya Sake.

"Sema, mwanangu," aliniambia. Mwanangu! Tangu Septemba jina langu lilikuwa "weye".

Direkta akauliza, "Ni yako ao si yako? Kama ni yako, endelea pahali alifikia."

Nilimtazama Koko. Yeye hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anayesubiri kuona nimetoka kwa nani.

"'Mzee wa mtumbwi alitazama meno, akatazama maji,'" nilisema, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "'akasema: Mtoto, umesema vya mwingine vyote. Sasa sema kimoja chako.'"

Hapo njo nilimsamehe mara ya pili. Hakuna aliyecheka. Papa alitazama kidole changu.

Koko alimnyang'anya Mwalimu kaye ya tatu, akaja mpaka kwangu, akanishika sikio.

"Uliingia mule?"

"Niliingia, Koko."

"Kibuyu, ulikirudisha vizuri?"

"Vizuri, Koko."

"Muongo. Nilikuta majivu chini. Nilifikiri panya." Akalizungusha sikio mpaka nikaona Sake na Mpofi kwa pamoja. "Kumbe niko na panya anajua kuandika."

Adhabu haikuishia sikioni. Kwetu, mwanamke akiombwa mbegu mbele ya watu hawezi kukataa, na siku ile aliombwa na kilima kizima. Wamama walimfuata nyumbani na vitunga, kila mmoja akaondoka na kiganja cha macho mekundu, na Koko akigawa huku ananiangalia. Kwa kila kiganja nililima kipande cha mteremko wa juu, kwenye mawe, mpaka mavuno yalipomrudishia kibuyu chake. Kiko alikivuta mbele ya moto tangu siku hiyo, hadharani. Sijui kama katekista aliwahi kumwuliza. Mimi nisingemwuliza.

Lakini nilisema sina haraka na zile mia nne themanini na nane zilizobaki, na sababu si kaye tu. Baada ya hadithi kulikuwa na matokeo. Watu walipotulia, alishika orodha, akasoma wa kwanza, wa pili, poda zikaruka. Nilikuwa na hamsini na sita kwa mia. Niliiona kwa macho yangu mwenyewe kwenye orodha iliyokuwa mezani kwake, ile Ijumaa ya mwisho ya kuni.

"Arobaini na tisa," alisoma. "Anarudia darasa."

Biletini yangu, aliyonipa jioni baada ya wengine wote, ninayo mpaka leo. Ukiiinua kwenye jua, pale penye namba karatasi ni nyembamba kama ngozi ya kitunguu, kwa sababu imekwanguliwa na wembe na kuandikwa upya kwa wino wa zambarau. Papa alimpelekea Direkta. Direkta alisema namba za darasa ni kazi ya mwalimu wa darasa. Inspekta alikuwa ameshaondoka, na Goma haikumwita Mwalimu.

Kwa hiyo tuko naye tena, darasa lile lile, mimi dawati la mbele. Kaye mbili za kwanza alinirudishia bila neno. Ya tatu, Koko aliikunja akaitia ndani ya kibuyu, katikati ya majivu, nyuma ya matete, pahali ambapo sasa sina ruhusa hata ya kutupa macho. Yeye hajui kusoma. Mwalimu hakufika mwisho. Mwisho wa kitabu uko kichwani mwangu, na watoto wa kisimani, ambao nimewasimulia, nimewaapisha wasimwambie.

Ijumaa iliyopita nilipeleka kuni. Alikuwa amekaa mlangoni bila tai. Aliniacha nizipange zote, akasubiri mpaka nigeuze mgongo kuondoka.

"Weye," alisema. Halafu akapunguza sauti. "Yule mutoto. Alivuka muto, ao hapana?"

Niligeuka. Nikamwonyesha uso wangu wa heshima, ule ninaouweka kwa ajili ya misa.

"Alikaribia sana, Bwana Mwalimu," nilisema. "Alikosa pointi moja tu."